SHAHADA HAINA THAMANI? WAULIZENI WANAOTUTAWALA



Wamezuka wahubiri wanaomwambia mtoto wa mkulima kwamba shahada ya chuo kikuu haina faida tena. Kazi hakuna, wanasema, na karo ni ghali. Heri kijana ajifunze uashi au useremala. Sisi hatuidharau kazi ya mikono, kwani ndiyo iliyoijenga nchi hii. Lakini twauliza: watoto wa wahubiri hawa wanasoma wapi? Mbona hatuwaoni karakanani?

Uchungu wa wazazi ni wa haki. Twawajua waliouza ng'ombe na kipande cha shamba, wakaitisha harambee, na leo mwana wao mwenye shahada anaendesha bodaboda. Hata hivyo, aliyeishusha thamani shahada hiyo si mwalimu wala mwanafunzi. Ni yule anayegawa kazi za umma kwa kujuana, kwa ukabila na kwa imani kwamba mkono mtupu haulambwi.

Tena kuna jambo wasilolitaja. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 inamtaka kila anayewania urais au ugavana awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa. Ikiwa karatasi hiyo haina thamani, mbona imefanywa ufunguo wa Ikulu?

Kumbukeni tulikotoka. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliifanya KANU kuwa chama pekee, na asiye na kadi yake hakuweza kugombea kiti. Wananchi walipigwa na kufungwa hadi kifungu hicho kikafutwa Desemba 1991. Je, tulivunja lango la kadi ili tujengewe lango la karo? Shahada ikiwa sharti la kutawala, basi kila bei yake inapopanda, idadi ya wanaoweza kututawala inapungua. Maskini atabakiwa na haki moja tu: kumpigia kura tajiri.

Na bei imepanda kweli. Mikopo ya wanafunzi ilikabidhiwa bodi maalumu mwaka 1995. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo sambamba kwa wenye uwezo wa kujilipia. Waliofadhiliwa na serikali walitozwa ada ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, hadi ulipoletwa mfumo wa mwaka 2023, uliowapanga wanafunzi kwa makundi ya mapato na kuitaja bei kamili ya kila kozi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba. Serikali haikutubu, ilikata rufaa.

Mkopo nao una riba ya asilimia 4, na sheria ya bodi iliruhusu faini ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa aliyeshindwa kulipa. Yaani kijana ananyimwa kazi, kisha anatozwa faini kwa kukosa kazi! Huko si kukopesha, ni kumwinda mnyonge.

Kwa hiyo twasema wazi: shahada inastahili gharama yake, lakini gharama hiyo haistahili kubebwa na mnyonge peke yake. Twadai kila chuo cha umma kichapishe hesabu ya gharama za kila kozi. Twadai deni lisidaiwe mpaka mkopaji apate kipato, na asiye na kazi asitozwe faini. Twadai majina ya walioajiriwa serikalini na sifa zao yawekwe hadharani, ili tujue nani aliingia kwa elimu na nani aliingia kwa mjomba.

Serikali na ichague moja: ama ilifute sharti la shahada kwa wanaotaka kututawala, ama ifungue milango ya vyuo kwa mtoto wa kila Mkenya. Kulishika lango kwa mkono mmoja na kuuza ufunguo kwa mkono wa pili ni udikteta uliobadilisha koti.

Wananchi, mwulizeni mbunge wenu anasimama upande gani wa lango hilo. Akikosa jibu, mkumbukeni siku ya kura.