Nyota Njema, Huonekana Alfajiri Kweli?

Wasomaji wapenzi, wazee wetu walisema: Nyota njema huonekana alfajiri. Juma hili napenda tulipime neno hilo, tuone kama ni kweli siku zote. Kwa kulipima nitawapeleka mbali, hata Marekani, maana huko vijana hupewa nyota hasa, zikaandikwa na kuhesabiwa. Nasi twaweza kuangalia mwisho wao ulikuwaje.

Mpira unaopendwa na Wamarekani kupita yote si huu wetu wa miguu. Mpira wao una ncha mbili. Huchukuliwa mikononi na kukimbizwa, ama hurushwa, na watu 11 wa upande wa pili hujaribu kumwangusha aliye nao. Vyuo vikuu vyao vina timu, na uwanja mmoja waweza kujaa watu 100,000 siku ya Jumamosi. Chuo chenye timu kubwa humlipia kijana hodari karo, chakula na malazi. Basi kwa mzazi asiye na fedha jambo hili si mchezo tu, ni elimu ya mwanawe.

Lakini nchi ile ni kubwa, makocha hawawezi kumwona kila kijana. Kwa hiyo yako makampuni, kama 247Sports na Rivals, ambayo huwaangalia wanafunzi wa sekondari, wenye miaka 16 ama 17, na kuwapa nyota. Daraja ya juu ni nyota 5, na wanaoipata ni kama 30 tu kwa mwaka. Wa nyota 4 ni mamia. Wa nyota 3 ni zaidi ya 1,000. Wengine hupata 2, na wengi hawapati hata moja.

Je, nyota hizo zasema kweli?

Tuanze na upande wa ndiyo. Kila mwaka timu za kulipwa huchagua vijana kama 250 kutoka vyuoni. Katika vijana wa nyota 5, kama nusu yao huchaguliwa. Wa nyota 4, kama 1 katika 5. Wa nyota 3, kama 1 katika 20. Tena chuo cha Alabama, chini ya kocha Nick Saban, kilikusanya vijana wenye nyota nyingi mwaka baada ya mwaka, nacho kikawa bingwa mara 6 kati ya mwaka 2009 na 2020. Basi wanaotoa nyota si waongo. Wana macho.

Sasa tazameni upande wa pili. Nusu ya vijana 30 ni 15. Lakini 1 katika 20 ya vijana 1,000 ni 50. Kumbe, wakikaa pamoja wale waliofika juu, wa nyota 3 wawapita kwa wingi wa nyota 5! Hesabu zote mbili ni za kweli. Ya kwanza yasema nani ana bahati kubwa zaidi ya kufika. Ya pili yasema waliofika wametoka wapi. Mtu akishika moja na kuiacha nyingine, atapotea.

Josh Allen ni mtoto wa mkulima wa Firebaugh, California. Shuleni alikuwa mwembamba, na alipomaliza sekondari hakuna chuo chenye timu kubwa kilichomtaka. Akaenda chuo kidogo cha Reedley, halafu Wyoming. Mwaka 2018 alichaguliwa wa 7 katika nchi nzima, na kwa msimu wa 2024 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa timu za kulipwa. J. J. Watt naye alikuwa na nyota 2. Aliacha chuo chake cha kwanza, akarudi kwao Wisconsin, akawa akipeleka vyakula nyumba kwa nyumba apate fedha. Akaingia timu ya Wisconsin bila kulipiwa karo. Baadaye, mwaka 2012, 2014 na 2015, alikuwa mlinzi bora wa timu za kulipwa.

Nazo timu ni vivyo hivyo. Mwaka 2022 chuo cha Texas A&M kilipata kundi la vijana lililohesabiwa bora kupita yote yaliyowahi kupimwa. Mwaka ule ule timu hiyo ilishinda mara 5, ikashindwa mara 7. Lakini Indiana, timu iliyozoea kushindwa, ilishinda michezo yake yote ya msimu wa 2025, ikatwaa ubingwa Januari 2026. Wachezaji wake wengi walikuwa wa nyota 3 ama pungufu. Kocha Curt Cignetti aliwatafuta watu waliokwisha kucheza miaka kadhaa vyuoni. Hakutazama walivyoonekana wakiwa na miaka 17, alitazama kazi waliyoifanya tangu hapo.

Hapo ndipo penye siri. Nyota hutolewa mapema, kijana angali akikua. Anayekaa pembeni hapati wa kumtazama. Tena mwenye nyota nyingi hupata kocha bora, chakula bora na nafasi ya kukosea akasamehewa, na hayo yenyewe humsaidia kufika. Asiye na nyota akikosea mara moja, huambiwa, Tulijua.

Basi neno langu ni hili. Nyota zafaa kwa kupima kundi. Hazifai kumhukumu mtu mmoja. Kocha anayechagua vijana 25 ana haki ya kuzitumia. Lakini mzazi hana watoto 25. Anaye huyu mmoja aliye mbele yake, na karo ni moja.

Nasi wazazi twatoa nyota nyumbani, tena mapema kuliko Wamarekani. Twasema, huyu ana akili, huyu mzito. Mtoto hajamaliza hata darasa la tatu. Halafu mwenye akili hununuliwa taa na daftari, mzito hupewa jembe. Mwisho wa mwaka twajisifu kwamba tuliona tangu mwanzo.

Methali ya alfajiri tusiitupe, ina kweli yake. Lakini tuiweke pamoja na dada yake: Usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Haya, wasomaji wangu, hata juma lijalo.