Mche Hununuliwa kwa Mzizi, Si kwa Urefu



Katika barua zilizotufikia ofisini tangu kumalizika uchumaji, iko moja iliyotoka mbali, nayo imetufanya tufikiri sana. Mwandishi wake ni mwanachama mwenzetu aliyeondoka kisiwani akiwa kijana kwenda kutafuta riziki bara, na kwa miaka mingi sasa anaishi Kahama, karibu na uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Amejiwekea akiba yake, na sasa anataka kulifufua shamba la marehemu baba yake, ambalo mikarafuu yake mingi imekufa kwa uzee. Anauliza hivi: kwa nini apande mche mdogo na kungoja miaka saba, hali wako wauzaji wanaomwahidi miti iliyokwisha kukua nusu, mirefu kama kimo cha mtu, ambayo wao wasema itachumwa baada ya misimu miwili?

Naye ameleta hoja ya kutosha. Asema amesoma khabari za Wajapani wanaolea miti midogo iitwayo bonsai, akaona kwamba wengi wao hawaanzi na mbegu. Hununua mti uliokwisha kuwa na shina, wakauendeleza kutoka hapo. Kama Mjapani mwenye subira yake yote hukataa kungoja mbegu, mbona sisi tungoje?

Swali hili si la mtu mmoja. Wanachama wasiopungua kumi wameniuliza jambo hilo hilo mwaka huu, na wengine hawakuuliza bali wamekwisha kutoa fedha zao. Basi naona yafaa nijibu hapa mbele ya wote, na jibu langu ni kwamba ndugu yetu amesoma sawasawa khabari za bonsai, lakini ameishika kwa upande usiotufaa sisi.

Kwanza tuwape mafundi hao haki yao. Kazi hiyo asili yake ni China, kisha Wajapani wakaishika na kuikamilisha. Ni kweli kwamba kuanza na mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kupata shina la kupendeza, na ndiyo sababu mtu hununua mti uliokwisha kuendelea. Lakini tutazame anunuapo huangalia nini. Haangalii urefu. Huinama akatazama mguu wa mti, pale mizizi inapoachana na shina kuingia ardhini, aone kama imetawanyika pande zote. Kisha hutazama shina, kisha matawi. Majani huyatazama mwisho, kwa kuwa majani hukatwa yakaota mengine. Mzizi mbaya ni kazi ya miaka kuutengeneza, na pengine hautengenezeki kabisa.

Akishaununua hufanya nini? Huikata mizizi, akautia mti katika chungu kifupi, na kila baada ya miaka michache huutoa, akaikata mizizi tena, akaurudisha. Chungu pamoja na makasi ndivyo vinavyouzuia mti usiwe mkubwa. Uko msonobari mmoja ulioanza kulelewa hivyo mwaka 1625. Ulikuwako Hiroshima bomu lilipoanguka mwaka 1945, nao ukasalimika; na mwaka 1976 mwenyewe, Bwana Masaru Yamaki, akautoa zawadi kwa Marekani. Hata leo uko Washington, na bado umo chunguni. Karne nne zimepita, na mti wa msituni umebaki ni wa kuwekwa juu ya meza.

Sasa ndugu zangu tukitazame kiriba cha plastiki kilichobeba mkarafuu wa miaka minne. Hicho nacho ni chungu, tofauti yake na chungu cha Mjapani ni kwamba hakuna fundi. Mkarafuu ukiota hupeleka mzizi wake mkuu chini moja kwa moja. Ukifika mwisho wa kiriba haupati njia, basi hupinda na kuanza kuzunguka, na mizizi mingine huufuata, hata ndani ya kiriba kukawa kama kata ya kujitwikia mtungi. Mzizi uliojipinda hivyo haujinyoshi utiwapo shimoni. Hunenepa pale pale ulipopinda, na mwisho hujikaba wenyewe. Basi tununuapo mche mrefu uliokaa miaka katika kiriba kidogo, tunanunua bonsai bila ya kujua, kisha twangoja utupe magunia.

Wakulima wanaoyajua haya wamekwisha kuyaona mashambani mwao. Mche mrefu hupandwa wakati wa masika, na mwaka wa kwanza hupendeza kuliko wote. Ikija kaskazi na jua lake, mizizi haikufika mbali kutafuta maji, majani huanza kuwa manjano kutoka nchani. Mwaka wa pili hausogei, na mche mdogo uliopandwa siku ile ile jirani yake unaanza kuufikia. Ukiponea hapo, upepo mkali huulaza, kwa sababu hauna mzizi wa kuushikia ardhi. Sisi watu wa visiwa hivi hatuhitaji kukumbushwa habari ya upepo. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwenye kupanda upya aliingoja miaka ile ile tunayoingoja sisi.

Tena asidanganyike mtu kwa kuonyeshwa kikonyo kimoja cha karafuu juu ya mche uliomo kiribani. Mti ulio katika dhiki pengine hutoa maua kabla ya wakati wake. Hiyo si dalili ya afya.

Ndugu yetu wa Kahama aweza kusema kwamba katibu anazungumza ya kisiwani tu. Basi na tumfuate huko huko aliko, kwani Shinyanga ina somo kubwa katika jambo hili.

Miti ya mkoa ule ilikatwa kwa miaka mingi. Mingine ilifyekwa kwa amri ya serikali ya wakoloni ili kuwafukuza mbung'o, mingine ikaondoka kwa kilimo cha pamba na kwa kuni, hata mahali pengi pakabaki vumbi na ng'ombe. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI. Mwanzoni walifanya kama tufanyavyo sisi sote: wakajenga vitalu, wakaotesha miche, wakawagawia watu wapande. Baadaye wakaona kwamba Wasukuma wenyewe wana njia yao ya zamani, iitwayo ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ikafunguliwa wakati wa kiangazi majani yalipo haba. Pahala palipofungwa hivyo, visiki na mizizi iliyokuwa imelala ardhini iliamka yenyewe, migunga na miti mingine ikarudi bila ya mtu kununua hata mche mmoja. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Ulipomalizika mwaka 2004, zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000. Huko Dodoma siku hizi kazi iliyo karibu na hiyo huiita kisiki hai: mtu huchagua machipukizi machache yaliyo bora juu ya kisiki, akayapogoa yasimame, na mengine akayaondoa.

Mtu wa Shinyanga naye, kama Mjapani, ameanza na mti uliokwisha kuendelea. Lakini kilichoendelea ni mzizi, tena mzizi uliomo ardhini mwake, haukuhamishwa wala haukufungwa. Ndiyo maana chipukizi lake hukimbia, kwa kuwa linalishwa na mzizi wa miaka mingi.

Buzwagi yenyewe ni mfano wa upande wa pili. Mgodi ule ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Mgodi ukifungwa, sheria humtaka mwenye mgodi aitengeneze ardhi. Lakini mlima wa mawe yaliyofukuliwa kutoka chini sana hauna kisiki wala mzizi wa kuamka, wala mbegu iliyolala. Hapo hapana budi kuleta udongo, na kuleta miche kutoka kitaluni. Hapo kununua mche ni lazima, kwa sababu ardhi haina kitu chake.

Basi mashamba yetu ni yapi kati ya haya mawili? Mlima wa mawe si yetu. Wengi wetu tuna mikarafuu mizee iliyo hai bado, na chini yake, mahali ambapo tunda limeachwa likaiva na kuanguka, kuna maotea. Kila mwaka tunayafyeka maotea hayo kwa jembe tunaposafisha shamba kabla ya uchumaji, kisha twaenda kununua miche barabarani. Huo ni ufujaji wa mali. Otea lenye majani machache, likitolewa siku ya mvua pamoja na udongo wake, likawekwa kivulini katika kiriba kirefu, ni mche mzuri kwa bei ya jasho tu, na mama yake twamjua.

Nisiwaonee wauzaji. Wengi wao ni watu waaminifu wanaochuma riziki ya halali, na wako wanaouhamisha mche kila ukuapo, kutoka kiriba kidogo hadi kikubwa, na mizizi yake ikabaki imenyooka. Mche kama huo, hata ukiwa mkubwa, hauna aibu, na kwa mwenye shamba lililo njiani pa mbuzi waweza kuwa na faida. Wala sisemi kwamba mzee wa miaka sabini ana kosa kutamani kuona karafuu za mkono wake. Nasema tu kwamba urefu si ushahidi, na mwenye haraka ndiye anayeumia zaidi ukidanganya, maana hana miaka mingine saba ya kuanza tena.

Kwa hiyo nashauri mambo yafuatayo kwa kila anayenunua.

1. Muulize muuzaji mche ulipandwa mbegu lini. Umri wa mwaka mmoja hadi miwili watosha. Mbegu ya karafuu haihifadhiki, hupandwa ikiwa mbichi, kwa hiyo mwenye kitalu hakosi kukumbuka msimu.

2. Geuza kiriba utazame chini. Mizizi minene ikiwa imetoboa na kuingia ardhini, mche huo umekaa mno, na kuung'oa ni kuukata.

3. Ukinunua mingi, omba upasue kiriba kimoja katika kila kumi, uone mizizi kwa macho yako. Mwenye miche mizuri hatakataa. Na hicho kilichopasuliwa, kilipe.

4. Siku ya kupanda, kata kitako cha kiriba pamoja na mizizi iliyojikunja pale chini, kisha uondoe plastiki yote. Chimba shimo la futi mbili, urudishie udongo wa juu na samadi iliyooza.

5. Mpe mche kivuli cha makuti au migomba kwa miaka ya mwanzo. Mkarafuu mchanga haupendi jua kali.

Na kwa Jumuiya yetu nina pendekezo, ambalo nitalileta mbele ya mkutano mkuu wanachama walijadili na kulipigia kura. Kila tawi lianzishe kitalu kidogo cha maotea na mbegu kutoka miti bora ya wanachama wenyewe, na fedha ya Jumuiya isitumike kununua mche wowote usioandikwa tarehe ya kupandwa mbegu. Najua wako watakaosema kwamba kitalu ni kazi, na kwamba vijana hawataki kumwagilia maji. Ni kweli ni kazi. Lakini fedha nyingi zinazonunua miche siku hizi ni za vijana hao hao, waliozichuma kwa taabu Dar es Salaam, Uarabuni, na katika migodi ya Shinyanga na Geita. Dhahabu ya Buzwagi ilichimbwa miaka kumi na mbili ikesha. Mkarafuu uliopandwa vyema huchumwa na mtu, na mwanawe, na mjukuu wake. Haitupendezi mtu ahamishe jasho lake kutoka jambo la miaka kumi na mbili kulileta kwenye jambo la miaka mia, kisha sisi wenyeji wake tumwache auziwe mzizi uliojikaba.

Ndugu yetu wa Kahama nimekwisha kumwandikia. Nimemwambia asitume fedha kwa mtu yeyote kabla masika hayajakaribia, na kwamba tawi la kijiji chake litakwenda kwanza shambani kwa baba yake kuhesabu maotea. Huenda ikawa miche anayoitafuta imekwisha kuota, inangoja mtu wa kuitazama kabla ya jembe kupita.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Nasi tuuwahi mzizi ungali mnyofu.

Wassalaam,

Katibu wa Jumuiya