Tochi Ndogo ya Bei Nafuu: Tuinunue au Tuiache?

Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za lishe na chanjo, tukae kwenye jambo linaloonekana dogo, nalo ni tochi. Nazungumzia hizi tochi fupi za chuma, urefu wake kama kiganja cha mkono, zinazotumia taa ya LED badala ya balbu. Wamachinga wanazo tele, na akina mama wa kikundi chetu cha kanisani wamekuwa wakiniuliza kama ni kitu cha maana au ni vitu vya kuchezea tu. Nimenunua moja kwa shilingi 6,000 na nimekaa nayo majuma matatu.

Kijana aliyeniuzia alisema, "Mama, hii inamulika mpaka kilima cha pili." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nataka inimulikie koo la mtoto. Kilima nitakiona asubuhi."

Kwenye kasha lake wameandika kwamba inatoa lumeni 2,000. Msiamini. Lumeni ni kipimo cha mwanga, na balbu ya zamani ya wati 60, ile iliyokuwa ikining'inia sebuleni, ilitoa kama lumeni 800. Tochi yenye betri moja nyembamba kama ya saa ya ukutani haiwezi kuzishinda balbu mbili za sebule. Ikifika lumeni 100 imejitahidi. Hata hivyo, hizo 100 zikielekezwa mahali pamoja ni nyingi mno kwa kazi zetu za usiku, kwa hiyo uongo wa kwenye kasha haukunifanya niirudishe.

Tofauti yake na tochi za zamani ni hii. Balbu ya tochi ilikuwa na waya mwembamba uliopashwa moto hadi ung'ae, na sehemu kubwa ya nguvu ya betri iliishia kuwa joto. LED haina waya wa kuungua. Ni kipande kidogo sana kinachotoa mwanga wa buluu, kikapakwa utando wa manjano juu yake, na mchanganyiko wa rangi hizo machoni petu huonekana mweupe. Waliowezesha LED ya buluu ni Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, nao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Habari hii ya rangi ya buluu muikumbuke, kwa sababu itatuhusu tukifika kwa mtoto mchanga.

Mkononi tochi yenyewe ni nzito kiasi cha kutosha, haiponyoki. Kichwa chake kinavutwa mbele na kurudishwa nyuma. Kikiwa nyuma, mwanga unatawanyika mviringo, laini, unaenea chumba kidogo. Ukikivuta mbele, mwanga unajikusanya hadi unaona mraba mdogo ukutani; huo ni umbo la kile kipande chenyewe cha LED. Mimi nautumia ule uliotawanyika karibu wakati wote. Kitufe kiko kwenye kitako, na hapo ndipo nilipoanza kunung'unika, kwa sababu kimejitokeza nje na tochi haiwezi kusimama wima mezani. Dawa yake ni kuitumbukiza kwenye bilauri tupu, ikitazama dari. Mwanga unagonga dari na kurudi chini, na chumba kizima kinapata nuru ya kumvalisha mtoto nepi bila kumwamsha.

Kitu kingine ambacho sikukipenda ni kile kitufe kuwa na hatua tatu. Ukibonyeza mara ya kwanza unapata mwanga mkali, mara ya pili mwanga hafifu, na mara ya tatu tochi inaanza kuwaka na kuzima upesi upesi kama taa za gari la wagonjwa. Sioni mama wa nyumbani ataifanyia nini hatua hii ya tatu. Tena kwa baadhi ya wenye kifafa, mwanga unaomweka namna hiyo unaweza kuleta degedege. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kifafa, tafuta tochi yenye hatua moja tu, kuwaka na kuzima. Zipo, na mara nyingi ni rahisi zaidi.

Mtasema, "Lakini muuguzi, simu zetu zina tochi." Ni kweli, zinazo. Lakini simu ya nyumba nyingi hulala kwa baba, au imeisha chaji saa ile inapotakiwa. Mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku, ile chaji kidogo iliyobaki ni ya kumpigia mwenye bodaboda au bajaji, si ya kumulikia njia. Hapo ndipo tochi ya shilingi 6,000 inapolipa deni lake lote kwa usiku mmoja.

Na kibatari? Hapa nitasema kwa ukali kidogo, wapendwa mnisamehe. Ziko nyumba ambazo umeme ukikatika, au ambazo haujafika kabisa, bado kinawashwa kibatari. Asubuhi mtoto akipenga kamasi, inatoka nyeusi. Moshi ule umeingia pia kifuani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, lilishauri mafuta ya taa yasitumike majumbani, kwa sababu ya moshi wake, moto, na watoto kuyanywa. Chandarua kikigusa kibatari, mama, huna dakika ya kufikiri.

Kuhusu kuyanywa, nimekuwa wodini miaka mingi na chanzo kinajirudia kilekile. Mafuta yamewekwa kwenye chupa ya soda, chupa iko chini ya meza, na mtoto wa miaka miwili ana kiu. Likitokea, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike. Hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia kwenye mapafu, na akitapika yanapata nafasi ya pili ya kupita huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mpeleke hospitali mara moja, na uende na ile chupa. Na aliyeungua kwa kibatari, eneo lililoungua limwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno na unga wa ngano viacheni jikoni na bafuni.

Sasa turudi kwenye tochi na mtoto mgonjwa. Kwa kutazama koo, mwanga huu ni mzuri kuliko tochi yoyote ya nyumbani niliyowahi kushika. Mpakate mtoto, bonyeza ulimi taratibu kwa mkia wa kijiko safi, mulika kwa pembeni, tazama upesi. Usimmulike machoni, hasa mtoto mchanga, maana ni mkali sana. Lakini kuna koo moja ambalo hata mimi sitalitazama nyumbani. Ni la mtoto mwenye homa anayetokwa na udenda kwa kuwa hawezi kumeza, amekaa akiinama mbele, na pumzi yake inakoroma anapoivuta ndani. Mtoto huyu usimlaze na usimwingize kijiko mdomoni. Njia yake inaweza kuziba kabisa. Mbebe alivyokaa, uende hospitali.

Na ile buluu niliyosema. Mama aliyejifungua juzi anataka kujua kama mtoto amepata manjano. Mwanga wa tochi hizi unapotosha rangi ya ngozi, na manjano kidogo yanaweza kujificha ndani yake. Basi kwa jambo hili tochi isitumike. Subiri jua lichomoze, mpeleke mtoto dirishani, bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole kisha uachie, utazame rangi inayobaki. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa, au siku yoyote yakishuka hadi viganjani na nyayoni, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama amelegea usiku, usisubiri hilo jua. Nenda usiku huohuo.

Nimeacha kwa makusudi jambo la betri lije mwisho, kwa kuwa ndilo lingenifanya niikatae tochi hii. Kabla ya kulipa, fungua kitako chake uone inakula betri gani na inafungwaje. Yangu inakula betri moja ya kawaida na kifuniko chake kinazungushwa kama cha chupa, mara tano au sita, kwa nguvu. Mtoto mdogo hawezi. Lakini mezani kwa yule kijana kulikuwa na vitochi vingine vya kuning'iniza kwenye funguo, vya rangi rangi, nusu ya bei, na ndani yake mna vibetri bapa kama sarafu. Vile msivilete nyumbani kwenye watoto wadogo. Kibetri kile kikikwama kooni, unyevu wa mwili unaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na pale kilipogusa panatengenezwa kemikali kali inayounguza nyama. Kidonda kibaya kinaweza kutokea katika saa 2. Kikiingizwa puani au sikioni kinaunguza vilevile.

Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, hata kama anacheza na kucheka, mpeleke hospitali kubwa yenye eksirei, na useme wazi mlangoni kwamba ni betri ya sarafu. Usimtapishe. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12, anaweza kulambishwa asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali inapunguza kuungua tu, haitibu, na isiwacheleweshe kuondoka. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Chakula kingine chochote kisubiri kauli ya daktari.

Kwa hizi betri za kawaida, nunueni za alkali mkiweza. Zile za bei ya chini kabisa, ganda lake ni zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kadiri betri inavyotumika. Ndiyo maana zikizeeka zinatoboka na kuvuja ndani ya tochi. Ukisafiri mwezi mzima, toa betri. Ukiona unga mweupe, watoto wasiuguse. Na mwanga ukianza kufifia usingoje uzime. Wale wanawali watano wa Mathayo 25 walikuwa na akiba ya mafuta. Nasi tuwe na betri moja ya akiba, imefungwa kwenye karatasi, juu ya kabati.

Kwa hiyo jibu langu kwa akina mama wa kikundi ni kwamba tuinunue, ile ya chuma yenye kifuniko cha kuzungusha. Yangu nimeifunga utepe mwekundu, inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu, juu, mahali mkono wa mtoto haufiki na wangu unafika hata gizani. Baba watoto ameshaanza kuiazima kwenda kufunga banda la kuku. Nimemwambia anunue ya kwake.