Saa ya chipu si anasa Bukavu

Eti kujifunza kupunguza umeme unaoliwa na mtandao wa saa ndani ya chipu ni anasa kwa vijana wa Bukavu, mji unaokodolea macho mabwawa ya umeme ya Ruzizi? Anayedai hivyo amegeuza hoja kichwa chini. Katika Alpha 21064, chipu ya kampuni ya DEC ya 1992, saa peke yake ilikula takriban asilimia 40 ya umeme wote. Mapigo yake milioni 200 kwa sekunde yalijaza na kumwaga chaji ya nyaya. Dawa ipo: sehemu isiyo na kazi iwekewe lango, isipate pigo. Volteji ikishushwa hadi nusu, nishati ya kila pigo hubaki robo. Mbinu hizi husanifiwa kwenye kompyuta ya mkononi (iliyochajiwa usiku, umeme uliporudi), bila kungoja kiwanda.