HAYA SI KUNYAMAZA: SIMU IMESHAMSOMESHA MWANAO, WEWE BADO UNAONA AIBU



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu katika imani, kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Msemaji anaonya kwamba huduma za simu zinazowapa vijana elimu ya balehe, hedhi na magonjwa ya zinaa ni mlango wa zinaa, na kwamba mzazi mwenye haya azifute zote kwenye simu ya mwanawe. Watu wanaisambaza wakiandika "maashaallah, ujumbe mzito". Mimi nasema ujumbe huo ni mwepesi, tena una madhara. Someni mpaka mwisho ndipo mnijibu.

KWANZA: HAYA IPI HIYO?

Haya ni katika imani, hilo halina mjadala. Lakini tuitazame kwa waliofundishwa na Mtume mwenyewe. Bi Ummu Sulaym (R.A) alimwendea Mtume (S.A.W) akamuuliza kama mwanamke naye anapaswa kuoga akiota. Bi Ummu Salama aliyekuwepo akafunika uso kwa aibu, lakini jibu lilitoka: ndiyo, akiona maji. Bi Fatima bint Abi Hubaysh (R.A) alilalamika kuwa damu yake haikatiki. Mtume akamfafanulia kuwa ile si hedhi bali ni mshipa, aache sala kwa siku zake za hedhi tu. Na Bi Aisha (R.A) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao.

Sasa wewe unayesema swali la hedhi ni utovu wa adabu, haya yako umeitoa wapi?

Na mkumbukeni yule swahaba aliyejeruhiwa kichwani wakiwa safarini, kisha akaota. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayammam. Wakasema hapana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume alighadhibika, akasema wao ndio waliomwua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Imepokewa na Abu Daud. Tafakarini, ndugu zangu: mtu alikufa kwa jibu baya kuhusu josho la janaba. Jibu baya kuhusu mwili linaua!

PILI: KITI CHA SOMO KIMEKALIWA NA SIMU

Zamani huku kwetu pwani binti akivunja ungo alikuwa na somo wake. Alifundishwa tohara, usafi, na jinsi ya kujilinda. Kijana wa kiume naye alikuwa na wazee wake. Leo tumehamia mjini, somo hayupo, mama yuko kazini hadi usiku, baba anasema "muulize mama yako". Kile kiti hakikubaki kitupu. Simu imekikalia. Kijana wa miaka 13 mwenye bando la siku anafikiwa na picha chafu hata bila kuzitafuta.

Kwa hiyo usiniulize kama simu imfundishe au isimfundishe. Imeshamfundisha. Uliza ni nani anayemfundisha kupitia hiyo simu.

Ipo mifano ya kheri. Miaka ya 2010 Kenya na Tanzania zilikuwa na huduma iliyoitwa m4RH. Mtu anatuma ujumbe mfupi, hata kwa simu ya kitochi, anapata maelezo ya uzazi wa mpango na kuelekezwa kituo cha afya. Rwanda ikaongezewa mambo ya balehe na magonjwa ya zinaa kwa ajili ya vijana. Hakuna picha humo, ni maneno tu. Hilo ndilo unaloliogopa, na video za usiku kucha huziogopi?

Mtasema: "Sheikh, humo wanazungumzia uzazi wa mpango na kondomu kwa wasiooa." Hoja hii siidharau. Zinaa ni haramu, na hakuna teknolojia itakayoihalalisha. Lakini ukikuta kisima kina takataka, utafukia kisima watu wafe kwa kiu, au utachimba kingine kisafi? Tunao madaktari Waislamu, wakunga, masheikh na vijana wanaojua kutengeneza programu. Wakae meza moja, waandike majibu sahihi ya kitabibu yenye adabu ya dini. Tunachangishana kujenga minara, halafu jibu la binti anayeuliza kwa nini tumbo linamuuma tumeshindwa?

TATU: HESABU YA SIKU NI FIQHI, NA NI TIBA

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake, na wingi wake ni siku 15. Binti anayeandika tarehe zake kwenye kalenda ya simu anajua lini aache sala, lini aoge, na ana deni la funga ngapi. Damu ikipita siku 15 anajua mambo mawili kwa pamoja: hiyo ni istihadha, basi sala haimwondokei, na tena aende hospitali. Asiyehesabu anaweza kuacha sala isivyo haki na kuficha ugonjwa kwa wakati mmoja.

NNE: UKALI UELEKEZENI HAPA

Mkitaka kuwa wakali, kuweni wakali kwenye siri. Siri ni amana. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Flo, yenye programu ya kuhesabu hedhi iliyotumiwa na watu zaidi ya milioni 100. Tume iliituhumu kwamba iliahidi kutunza siri za wanawake, kisha ikapeleka taarifa zao kwa makampuni kama Facebook na Google. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilikubali masharti.

Basi kabla binti hajaweka chochote, muulizeni: nani ameitengeneza? Inadai jina na namba? Kwa tarehe tu, kalenda ya kawaida au daftari vinatosha.

TANO: KWA NINI MWANAO ANAKUKWEPA?

Mwaka 2019 Tanzania ilirekebisha sheria, kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima virusi vya UKIMWI bila ridhaa ya mzazi. Wapo wazazi walioghadhibika. Mimi nawauliza: kwa nini kijana wako atake kwenda peke yake? Anayeogopa kupigwa hasemi anapowashwa, hasemi anapotokwa na usaha, na baya kuliko yote, hasemi alipoharibiwa na mtu mzima wa nyumba hiyo hiyo. Huyo ndiye mnayemnyang'anya njia ya mwisho ya kuuliza, kisha mnaita haya.

Allah ametuamrisha kuzikinga nafsi zetu na ahli zetu na Moto. Kukinga ni kazi, si kufumba macho. Wiki hii baba akae na kijana wake, mama au shangazi akae na binti. Waulizeni wanajua nini, na wamekijua wapi. Msiwakatishe.

Na ile sauti ikiwafikia tena, msiisambaze.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.