Simu Inapodai Neno la Siri Tusilolijua

Miongoni mwa malalamiko yanayozidi kusikika visiwani mwetu, mijini na mashamba, ni hili la mwananchi kununua simu mpya, akairejeshea mambo yake kutoka katika nakala ya akiba, na ghafla simu ikaanza kumdai neno la siri la akaunti asiyoitambua. Huandika neno analolijua, simu ikalikataa. Huandika jingine, likakataliwa vile vile. Hapo baadhi yetu huamua kwamba simu imeingiliwa na wezi, wengine husema ni mbovu, na wengi huichukua hadi Darajani wakamkabidhi fundi pamoja na namba ya kuifungulia na maneno yote ya siri waliyo nayo.

Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwani aghalabu simu hiyo haina ubovu wowote.

Nakala ya akiba haibebi picha na majina ya watu peke yake. Hubeba pia orodha ya programu zilizokuwamo katika simu ya zamani. Programu zenyewe hazimo. Simu mpya huzipakua upya, na kila moja hubaki na kumbukumbu ya akaunti iliyoichukua mwanzo. Kwa hiyo mwenye iPhone aliyetumia akaunti mbili au tatu katika muda wa miaka kumi ataulizwa neno la siri la kila moja, hata ile aliyokwisha kuisahau. Zaidi ya hayo, iPhone moja huweza kuwa na akaunti moja ya kuhifadhia mambo na nyingine ya kununulia programu na nyimbo. Mtu huandika neno la siri la akaunti ya kwanza, kumbe anayoulizwa ni ya pili.

Basi hatua ya kwanza ni kusoma. Kisanduku kinachodai neno la siri kwa kawaida huonyesha anwani ya baruapepe, nzima au kwa sehemu, na wengi wetu hatuitazami, tunakimbilia kuandika. Ikiwa anwani ni yetu ya zamani, neno lake la siri laweza kubadilishwa kwa njia ya kampuni yenyewe. Ikiwa ni ya mtu mwingine, tuiruke hatua hiyo, tuiache simu imalize kazi yake ya kurejesha, kisha tuifute programu inayodai na kuichukua upya kwa akaunti yetu. Na ikiwa tuna shaka kwamba kisanduku ni cha kitapeli, tukifunge, twende wenyewe katika mipangilio ya simu tuone kama dai hilo lipo huko.

Lakini anwani ya mtu mwingine imeingiaje katika simu yetu? Hapa ndipo penye kiini cha matatizo mengi ya visiwani. Mnunuzi anapofika dukani hana baruapepe, au hataki usumbufu, na muuzaji kwa wema wake, au kwa haraka zake, anamfungulia akaunti kwa anwani anayoijua yeye, na neno la siri analolijua yeye. Wengine hutumia akaunti moja ya duka kwa wateja chungu nzima. Simu hufanya kazi vizuri mwaka mmoja, miwili, mitatu. Siku inapoanguka baharini au kuibiwa, mnunuzi ndipo anapogundua kwamba picha za watoto wake na maandishi yake yote yamo katika nyumba ambayo ufunguo wake hakuwahi kupewa. Muuzaji amekwisha funga duka, au amesahau. Desturi hii sisi tunaipinga bila ya kigugumizi. Anayeuza simu amfundishe mnunuzi kufungua akaunti kwa mkono wake mwenyewe, hata ikichukua nusu saa na foleni ikanung'unika.

Kuna maneno ya siri mengine yanayochanganywa na hili. Aliyehifadhi nakala yake katika kompyuta na kuifunga kwa siri ataulizwa neno la nakala hiyo, ambalo si lazima lifanane na la akaunti. Likipotea, Apple wenyewe hawana njia ya kuifungua. Tangu mwaka 2017, kwa mfumo wa iOS 11, mtu anaweza kurudisha mipangilio ya simu aliyo nayo mkononi ili atengeneze nakala mpya, ila ile ya zamani imekwenda. Kwa upande wa Android, tangu toleo la 9 la mwaka 2018, simu mpya huweza kudai namba au mchoro uliokuwa ukifungulia simu ya zamani. WhatsApp nayo tangu 2021 humruhusu mtu kuifunga nakala ya mazungumzo yake kwa neno la siri au kwa ufunguo wa tarakimu 64, na aliyeupoteza hana wa kumlilia.

Ama simu iliyonunuliwa mkononi kwa mtu, ikafutwa yote na bado ikadai akaunti ya mwenyewe wa kwanza, hiyo ni kinga dhidi ya wizi, iliyoanza katika iPhone mwaka 2013 na katika Android mwaka 2015. Dawa yake ni muuzaji kuiondoa akaunti yake mbele ya mnunuzi kabla fedha hazijabadilisha mikono. Asiyekubali kufanya hivyo, simu yake isinunuliwe.

Makampuni nayo hatuwezi kuyasamehe. Kisanduku kinachomdai mtu neno la siri bila ya kumweleza ni kwa ajili ya programu gani, na kikarudi mara kumi, humzoesha mtu kuandika siri yake popote anapoulizwa. Hapo ndipo matapeli wanapovunia. Apple walichukua hatua mwezi Februari 2025 kwa kuruhusu manunuzi ya akaunti moja yahamishiwe katika nyingine ya mtu huyo huyo, ingawa si katika kila nchi. Ni hatua njema, na ilichelewa.

Sasa tugeukie maofisi. Mtumishi hupewa simu ya kazi, akaweka akaunti yake binafsi, akapiga nayo picha za nyaraka na kuandikiana na wakuu wake. Anapohamishwa kutoka Unguja kwenda Pemba, simu hubaki ofisini nayo ikidai neno la siri la mtu ambaye hayupo, au yeye huendelea kupokea kwake mambo ya ofisi aliyoiacha. Mara nyingine namba ya uthibitisho hutumwa katika laini iliyokwisha kufungwa. Tunazishauri idara zetu kila simu ya kazi iwe na akaunti ya ofisi, iliyoandikishwa kwa namba ya ofisi, na maneno yake ya siri yahifadhiwe chini ya kufuli kwa dhamana ya mtu mmoja anayejulikana. Makabidhiano ya kazi yaliyo na orodha ya viti na makabati, yakaikosa orodha hii, yana upungufu mkubwa.

Majumbani liko jambo zito zaidi, ambalo watu huona haya kulitaja. Mzee anafariki, na simu yake inabaki imefungwa, na ndani yake mna sauti yake na hesabu za aliowakopesha. Tangu Desemba 2021 mwenye iPhone anaweza kumteua mtu atakayepewa ruhusa ya kufungua mambo hayo baada yake. Mteuliwa huhitaji ufunguo aliopewa pamoja na cheti cha kifo. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa na marehemu hayamo katika ruhusa hiyo. Uteuzi hufanywa katika mipangilio ya akaunti, na lazima ufanywe na mwenyewe angali hai.