Mguso wa pili

Kipofu wa Bethsaida, tunayesoma habari zake katika Marko sura ya 8, hakupona mara moja. Yesu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamgusa, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu hakumpendeza kwa uongo: aliona watu, lakini kama miti inayotembea. Akaguswa tena.

Naikumbuka habari hiyo ninapotazama tunavyowahudumia waliopata kiharusi. Wengi hawaji na ugonjwa mmoja. Mfikirie mama wa miaka 60 na kitu: mkono umelegea, na pia ana kisukari, presha na magoti yaliyoanza kumsumbua zamani. Kisukari aje Jumanne, presha Alhamisi, mazoezi Jumatatu na Ijumaa. Kila safari ni nauli ya bajaji, na mwanawe anaacha kibarua ili amsindikize. Mwezi wa pili anakata tamaa. Kwenye faili inaandikwa "hakuja".

Wahudumu nao wanajifunza upya. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyezoea kushughulika na mguu sasa lazima aulize mgonjwa amekula nini, maana anayechoma insulini akifanya mazoezi na njaa, sukari inaweza kushuka ghafla. Apime presha kabla ya kumsimamisha. Amvue viatu atazame nyayo, kwa kuwa mguu wenye ganzi hausemi kama una kidonda. Haya yote huku foleni nje haipungui! Tukiwalaumu wao peke yao tutakuwa tumewaonea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali ambazo huduma za utengamao zingewasaidia, na Mei 2023 nchi wanachama zilipitisha azimio la kuziimarisha huduma hizo. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Basi tuwaulize wabunge wetu: bima hiyo italipia miezi mingapi ya mazoezi, au ni kitanda na dawa tu?

Na wewe, kama kwenye jumuiya yenu yupo mama wa namna hiyo, msindikize wiki hii. Mwombe muuguzi wa zamu aangalie kama kliniki mbili zinaweza kuwekwa siku moja. Pengine hakuna aliyewahi kuuliza.